Cheti Kilisema Dawa

"Amepakwa nini huyu mtoto?" Erastus aliuliza, pua yake karibu na kisogo cha Mapenzi.

"Dawa," Nyamvula alijibu.

"Dawa gani?"

"Dawa tu, bwana dresa. Ya upele. Hata cheti kilisema dawa."

Mapenzi alitapika tena, maji matupu, juu ya leso ya mamake. Tangu alfajiri alikuwa hivyo: anajikunja, anaita maji, akipewa anayarudisha. Erastus, dresa wa dispensari ya Changamwe, hakuuliza zaidi. Alimchukua mtoto mikononi mwa mamake, akamkalisha ndani ya karai na kumsugua kwa sabuni, huku akipaza sauti itafutwe motokaa ya kwenda hospitali kuu, kule kisiwani.

"Daktari ataniuliza ni sumu gani," alisema bila kugeuka. "Asipojua, atatibu kwa kubahatisha. Kaniletee jina lake. Kimbia, dada!"

Nyamvula alikimbia. Sumu! Neno hilo halikutajwa nyumbani kwake hata mara moja.

Mumewe, Kombe, alikuwa hamali wa rukwama, anatoa mizigo stesheni na kuipeleka bohari. Jana debe moja lilivuja. Karani wa bohari alikuwa amempa cheti cha kumwonyesha askari wa lango la stesheni, na Kombe, ambaye kusoma kwake kuliishia darasa la watoto la misheni, aliona neno analolijua: dawa. Tena debe lenyewe, ingawa lilikuwa linakwenda kwa wafugaji, lilichorwa kichwa cha mtu na mifupa yake. "Ingekuwa ya ng'ombe peke yao, wangechora ng'ombe," alimwambia mkewe, akampa kichupa cha dawa aliyoikinga debe lilipovuja. Na mtoto mwenye upele halali, wala halazi mtu. Mama gani, wenzangu, asingepaka? Alipaka. Alipoona mtoto ametulia, akapaka tena.

Bohari alimkuta karani Barakat anakunywa kahawa.

"Shikamoo, bwana karani. Ile dawa aliyoleta Kombe jana, jina lake nini?"

"Marahaba. Ni dawa ya josho, ya kuulia kupe."

"Jina lake hasa. Mwanangu anakufa."

Kikombe kilisimama hewani. Barakat alitazama mlangoni, akapunguza sauti. "Mama, wallahi sikukusudia. Sumu haipiti bila kibali cha ofisi na askari wa kuisindikiza. Vita vya Mjerumani vimekwisha juzi tu, stesheni imefurika, mkubwa anataka kila kitu upesi. Ningeliandika sumu, mzigo ungelala kule kule."

"Basi niandikie sasa."

"Kwa hati yangu? Nifungwe? Mimi pia nina watoto."

"Wako wazima?"

Nyamvula aliliona debe lililovuja, limeegemezwa ukutani peke yake. Alilibeba, akatoka nalo.

Langoni Ruwa, askari mzee, alinyosha rungu. "Pole, mwanangu. Debe halitoki bila cheti. Lina nini?"

"Muulize huyo."

Barakat alikuwa nyuma yake, anahema. Mahamali waliacha rukwama zao wakasogea.

"Lina dawa," alisema.

Nyamvula alilitua debe mbele ya viatu vya karani. "Basi ilambe."

"Mama..."

"Ilambe, bwana karani! Si dawa?"

Hamali mmoja alianza kucheka, akaona uso wa yule mwanamke, akarudi nyuma. Barakat aliyatazama majimaji yaliyotambaa ubavuni mwa debe. Akachomoa kalamu sikioni na karatasi ya cheti mfukoni. Aliinama, akanakili neno refu la Kizungu lililoandikwa kwenye debe, herufi moja moja, na chini yake akaandika: sumu. Ruwa alikisoma cheti, akakitazama tena, akafungua lango bila kumtazama mtu.

Debe lilibaki pale pale. Nyamvula alikimbia na karatasi.

Motokaa ilikuwa inanguruma mbele ya dispensari. Erastus aliisoma karatasi, akaitia mfukoni, akapanda mbele. Mapenzi alikuwa kiti cha nyuma, amezungushiwa shuka, uso rangi ya jivu. Alimwona mamake, akamnyoshea mikono yote miwili.

Nyamvula alisimama kwenye mlango wa gari ulio wazi. Viganja vyake vilikuwa vimelowa, vinanuka debe. Aliviinua juu, mbali na mtoto, akawa anatafuta kwa macho yalipo maji ya kunawa.