Magoti ya Mama Damiani

Fabiola aliingia chuo cha fizioterapia kule Moshi kwa sababu moja, wala hakuificha: alitaka mama yake atembee tena. Mama Damiani alipatwa na kiharusi akipalilia mbaazi shambani kwao Sigino, upande wa kulia ukalegea wote.

Likizo ya kwanza Fabiola alirudi na alichofundishwa. Kila asubuhi alimkunja mama mguu, akaunyoosha, kisha akamsimamisha akishikilia mlango. Mama alilia. Fabiola moyo ulimuuma, lakini hakuacha, maana mwalimu wao alikwisha kuwaonya kwamba kiungo kisichofanyishwa kazi hukakamaa kama ngozi iliyosahauliwa juani. Siku za mwisho mama alisimama peke yake, akacheka.

Kazi ile akamkabidhi Paskalina, mke wa kaka yake. "Hata akilia, wifi, usiache." Paskalina akakubali, na nia alikuwa nayo kweli.

Lakini watu wana midomo, jamani! Kwao mgonjwa anayependwa hainui hata kikombe. Majirani waliposikia kilio kila asubuhi wakaanza: mkamwana gani huyu, mume yuko mjini kwenye foleni ya sukari, yeye huku nyuma anamtesa mama mkwe? Hata kanisani wakamtazama kwa jicho baya. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Aibu ikamshinda. Akamlaza mama, akamwekea mto chini ya magoti apate raha, akawa anamlisha, anamwogesha, anamgeuza. Usidhani hakumpenda. Alimpenda sana, na ndiyo balaa lenyewe.

Na Fabiola? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Miaka ile petroli ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, mabasi yamelala, likizo zikampita akiwa bwenini. Salamu zilizomfikia zilisema mama hajambo, halii tena. Akafurahi, masikini, akidhani mguu umepata nguvu.

Alipohitimu alipata lori la mahindi hadi Babati mjini, akamalizia kwa miguu. Alimkuta mama amenawiri, safi, hana kidonda hata kimoja mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mshukuru wifi yako. Amenitunza kama yai."

Fabiola akafunua blanketi. Magoti yote mawili yalikuwa yamejikunja juu ya mto. Akashika moja, akalinyoosha polepole, likagoma. Akajaribu la pili. Mikono yake ilikwisha kufunzwa kutambua goti linalosubiri nguvu na goti lililokwisha kufunga, lisilonyooka tena, na haya yalikuwa yamefunga. Hasira ikampanda. Akageuka amseme Paskalina, akamkuta amesimama na bakuli la uji, anatabasamu, anangoja shukrani.

"Asante, wifi," akasema, akalipokea bakuli.

Mama akamshika bega kwa mkono wake mzima. Uso ulimng'aa.

"Haya, mwanangu. Nilikuwa nakungoja wewe tu. Nisimamishe."