Fungu la Ndege

Kasyoka alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mama mmoja wa Loresho, mama asiyekubali kusukwa na mtu mwingine Kenyatta Market nzima, ndege alipoingia saluni na kutua juu ya draya ya kukaushia nywele. Alikuwa ndege wa rangi ya vumbi, hana lolote la kutazamwa, na sauti yake ilikuwa kama kiberiti kinachotikiswa. Mishi, mwenye saluni, mtu wa Mombasa, alimtupia jicho mara moja tu.

"Huyo kakujia wewe, shoga," alisema. "Nenda naye. Kichwa cha mama nitakimaliza mimi."

Kasyoka hakuhitaji kuelezwa. Babake alikuwa mrina asali huko Mutomo, na utotoni alimfuata ndege wa aina hiyo mara nyingi. Ndege anajua nyuki walipo lakini hawezi kuwapasulia nyumba. Mtu anaweza kupasua lakini hajui walipo. Wakifika, mtu huchukua asali na kumwachia mwenzake fungu la nta. Asiyeacha fungu, safari ya pili hupelekwa kwa nyoka.

Ndege alimpitisha Barabara ya Ngong mpaka mjini, akitua kwenye nguzo za stima na kumngoja avuke barabara. Alisimama nyuma ya jengo refu la serikali ambalo Kasyoka alilijua vizuri mno kwa upande wa mbele. Mumewe Kivuva, mwalimu wa jiografia mwenye mdomo, alichukuliwa na watu wenye suti mwaka huo wa themanini na saba, na tangu hapo Kasyoka alikuwa ameenda kaunta ya jengo hilo hadi soli za viatu zikaisha, akiambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Huku nyuma, usawa wa lami, palikuwa na tundu la hewa la chumba cha chini, na nyuki walikuwa wameliziba.

"Toa hao wadudu haraka, mama," askari wa zamu alimwambia. "Wametusumbua sana."

Alitia mkono. Nyuki hawakumuuma. Alipovunja sega la kwanza, Kivuva alikohoa ndani yake.

Ilikuwa hivi. Kule chini walikuwa wamejaza maji chumbani mpaka magotini, na Kivuva alikuwa amesimamishwa humo. Kiangazi kilikuwa kikali na nyuki walihitaji maji. Kivuva alihitaji wa kuongea naye. Wakapatana. Wao walikunywa miguuni pake, yeye aliongea kwenye nta mbichi, nao wakafunika kila neno kwa asali lisiharibike.

Kasyoka alijawa na furaha hadi akakosa adabu. Alifunga masega yote kwenye leso, hata makombo, akampita ndege aliyekuwa akingoja ukingoni mwa tundu. Angemkatia vipi? Kila kipande kilikuwa mume wake.

Ndege alipomjia tena, alimpeleka chumba cha maiti. Kasyoka alitazama kila uso uliokuwemo mpaka akahakikisha Kivuva hayumo.

"Haka kandege kanaleta watu hapa," mhudumu alisema akirudisha shuka. "Ulikanyima kitu?"

Hakurudia kosa. Tangu hapo waliongozana hadi tunduni, na ndege alipewa haki yake. Shida ni kwamba kila alichokula ndege kilitoka pia kichwani mwa Kasyoka, kikasahaulika moja kwa moja. Kwa hiyo alianza kwa ubahili: akampa lawama za Kivuva kuhusu ugali uliopoa, kisha habari za mpira, kisha mkoromo. Siku alipotoa kicheko alilia hadi Mishi akafunga saluni mapema. Jioni hakukumbuka alikuwa akililia nini.

Sega moja alilipeleka kaunta. Afisa aliliweka sikioni, akasikiliza mpaka mwisho, akalamba kidole.

"Ni yeye, sikatai," alisema. "Huyo ni mwalimu kabisa. Lakini hapa hatuna mtu kama huyo."

"Si umemsikia, afande?"

"Nimemsikia, mama. Mwingine akuje."

Maneno yakazidi kupungua. Kivuva aliacha hadithi, akaacha kulalamika, na siku ambayo Mishi alimsindikiza, sega zima lilikuwa na neno moja katika kijumba kimoja. Lilisema, "Kasyoka," taratibu, kama mtu anayeomba apishwe mlangoni. Ndege alikuwa juu ya waya, akitikisa kiberiti chake.

"Mnyime," Mishi alisema, machozi yakimlengalenga. "Hilo ni lako, dada."

"Nikimnyima hatanileta tena. Na Kivuva bado yuko huko chini."

Akalikata, akaliweka ukingoni. Ndege alimeza, akapangusa mdomo kwenye waya.

Kesho yake saluni Mishi alimwita kwa jina, akamwita tena kwa sauti kubwa hadi wateja wakageuka. Kasyoka aliendelea kuchana nywele, akijiuliza huyo anayeitwa ana kiburi gani asiitike. Mishi alikuja akamshika bega, akamwonyesha draya. Ndege alikuwa amefika.

Masega ya siku hiyo yalikuwa meupe na mazito, na ndani yake kulikuwa na sauti ya maji tu, maji yasiyoguswa na mtu. Mwanamke alimkatia ndege fungu lake, kisha akasimama pale lamini kusikiliza yaliyobaki.