Pua Iliyonyamaza

Mtaani walimwita Mama Pasi. Alikuwa dobi kwa miaka ishirini na miwili, na nguo iliyopita mikononi mwake ilirudi imenyooka kama imetoka dukani. Yeye mwenyewe alipenda mvuke. Pasi ikigusa pamba yenye unyevu, ile harufu ilipanda, na roho yake ikatulia hata kama siku ilianza kwa ugomvi.

Kisha mafua makali yakamlaza wiki mbili. Alipoinuka kifua kilikuwa kizima, ila pua ilikufa ganzi. Chakula kikawa kama karatasi. Akapiga pasi siku nzima bila kusikia harufu yoyote, na jioni akarudi nyumbani na unyonge asioujua chanzo chake. Hakumwambia mtu. Nani atakupa pole kwa kukosa harufu?

Mwezi huohuo binti yake akajifungua. Mama Pasi akampokea mjukuu, akashusha pua utosini kama alivyowafanyia wanawe wote, akangoja. Kimya. Ikawa kama amebeba furushi la mteja. Akamrudisha upesi.

Ikawa hivyo kila alipokwenda kuwaona. Binti alivumilia, mwisho uvumilivu ukamshinda.

"Mama, kama nimekukosea niambie. Mtoto hana kosa."

"Simsikii, mwanangu."

"Humsikii vipi? Jana amelia mpaka majirani wakabisha hodi."

"Harufu yake. Wala sabuni siisikii, wala mwili wangu mwenyewe. Dunia imekuwa kama nyumba iliyohamwa."

Binti akamshika mkono. Kesho yake akampeleka kwa daktari wa masikio na pua. Daktari akamwambia anuse vitu vinne asubuhi na jioni, polepole, huku akikumbuka vilivyokuwa: ndimu, karafuu, kahawa na sabuni.

"Na huzuni hiyo usijilaumu nayo, mama," akasema. "Pua na moyo ni majirani wa ukuta mmoja."

Wakanusa pamoja miezi mitatu, binti akimsimulia. "Ndimu hii inachokonoa kama wifi yangu," alisema siku moja, na Mama Pasi akacheka, ingawa harufu yenyewe hakuisikia.

Alasiri moja alikuwa akimbadilisha mjukuu nepi. Ghafla akasimama, nepi mkononi, machozi yakimtiririka.

"Mama, una nini?"

"Ananuka," akasema taratibu. "Ananuka vibaya sana, mwanangu."

Walicheka mpaka mtoto akawakodolea macho. Wakamwogesha, kisha bibi akainamia utosi. Harufu ikaja kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka chumba cha tatu, lakini ilikuja. Hakuinua kichwa mpaka mtoto akalala.

Kahawa haikurudi sawasawa. Hadi leo humnukia kama mpira ulioungua, naye ameiacha, anakunywa chai. Binti sasa ana lalamiko jingine: mtoto akishafika mikononi mwa bibi yake, kumpata tena ni kazi.