Hakumaliza

Saa kumi kasorobo alasiri fundi baiskeli alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akaikausha kwa kitambaa safi, akatoa kigoda kirefu mpaka mlangoni mwa karakana. Diski ya breki haitaki kidole chenye mafuta, naye alikuwa amezoea kunawa hata siku ambazo hakukusudia kugusa diski yoyote. Juu ya kigoda aliweka ufunguo wa L namba nne, ameufunga uzi mwekundu uonekane kwa mbali. Ng'ambo ya barabara fundi cherehani aliivuta meza yake ndani hatua mbili. Mwenye duka la dawa alimwita paka wake. Saa kumi na dakika kumi mume wa fundi alipita juu ya baiskeli, akishuka kutoka kwenye tangi la maji kuelekea daraja la chuma, akaunyakua ule ufunguo, akasema, "Ahsante, fundi wangu," akapotea kwenye kona. Fundi cherehani aliirudisha meza yake nje.

Alikuwa akipita hivyo kila siku kwa mwaka mzima sasa. Kushuka alishuka, hakuna aliyewahi kumwona akipanda.

Ilianza siku ya mashindano ya kushuka mlima, yale yanayoanzia kwenye msitu wa juu na kumalizikia mjini, ng'ambo ya daraja. Waendeshaji arobaini na mmoja waliondoka, arobaini wakafika. Mume wa fundi, mwenye fulana namba kumi na saba, alipita mbele ya karakana ya mkewe akiwa ameminya breki zote mbili mpaka zikagusa mpini, na baiskeli haina habari. Baada ya kona hakutokea. Walimtafuta mtoni siku mbili, wakafyeka matete, wakapata kiatu ambacho hakikuwa chake. Siku ya tatu, saa ileile, akapita tena. Fundi alikaa chini sakafuni akalia kwa furaha, kisha akalia kwa lile jingine, kwa sababu alikuwa amepita tu.

Kamati ya mashindano ilibandika matokeo kwenye ubao wa ofisi yake. Mstari wa mwisho ulisomeka: Namba 17. Hakumaliza. Kosa la mwendeshaji.

Kutoka dirisha la duka la dawa mpaka kwenye kona ni sekunde saba. Nne ni za uso na tatu ni za mgongo. Mwanamke aliyelala ubavuni mwa mtu miaka kumi na mmoja, akamjua anavyokoroma na anavyotafuta soksi, alijifunza kuishi kwa hizo saba. Mazungumzo yao yalikwenda kwa mafungu. Jumatatu alimuuliza kama anasikia baridi. Jumanne mumewe akajibu kwamba masikioni tu. Jumatano alimwambia paa limeacha kuvuja. Alhamisi akasema afadhali. Ugomvi wao mmoja, juu ya nani aliyepoteza pampu ya mkono, ulichukua wiki tatu, na walipopatana hakuna aliyekumbuka ulivyoanza.

Ijumaa alikuja mama mkwe na hotpoti ya chakula. Alikaa kwenye kiti cha wateja, miguu juu ya tairi kuukuu, akangoja. Mwanawe alipopita alimuuliza, "Umekula, mwanangu?" Ijumaa iliyofuata mwana alijibu, "Bado, mama." Ndipo mama mkwe akamuuliza tena. Wakati wa kurudi alimwachia mkwewe ile hotpoti, naye fundi alikula peke yake akiwa amesimama.

Jambo lililomnyima fundi usingizi si la kamati wala la mto. Alikuwa na desturi yake, na mafundi wengine walimtania kwayo: kila chupa mpya ya mafuta ya breki alidondosha tone lake moja kwenye glasi ya maji kabla ya kuitumia. Mafuta ya breki za baiskeli kama ile ya mumewe huelea. Mafuta ya breki za gari huchanganyika na maji, na yakiingia kwenye baiskeli ile huzivimbisha sili, vile vipete vya mpira vinavyoizunguka pistoni, mpaka pistoni ikwame au ivujishe. Glasi ile ilikaa dirishani miaka yote. Jioni ya kuamkia mashindano alifungua chupa mpya, ya waridi kama ilivyo kawaida, ina mfuniko wenye muhuri wa plastiki usiovunjwa. Mumewe alikuwa mlangoni anapiga mluzi, amevaa viatu tayari, anataka kwenda kuijaribu baiskeli kabla ya giza. Fundi akasema liwalo na liwe, akajaza mafuta, akatoa hewa kwenye mipira ya breki, akaminya mkono wa breki. Breki ilishika vizuri sana. Sili huchukua saa kadhaa kuvimba.

Glasi aliitumia baada ya mazishi yasiyokuwa na maiti, yaliyofanywa jioni ya siku ya pili, ambayo mama mkwe alikataa kuhudhuria. Tone la waridi lilizama, likatawanyika, likapotea. Alirudia mara tano.

Chupa alikuwa ameinunua kwa Bei Sawa. Bei Sawa alikuwa muuzaji wa vipuri kwa jumla, mtu mnene mwenye adabu, asiyewahi kupandisha sauti wala kuteremsha bei. Fundi alipompelekea ile glasi, aliitazama kwenye mwanga, akampa pole, akamkaribisha kiti. Alieleza kwamba mafuta ni mafuta, rangi ni rangi, na kwamba wateja wengine hawajalalamika. Nyuma yake kulikuwa na pipa la mafuta ya gari, ndoo ya rangi ya waridi na mwiko. Hakuona sababu ya kuvificha.

Basi fundi akaamua kumtengenezea mumewe breki hukohuko njiani. Kazi ambayo karakana huimaliza kwa nusu saa, wao waliifanya kwa miezi minane, kwa sababu kila siku kilikwenda kifaa kimoja tu. Bandu bandu huisha gogo. Walianza na breki ya nyuma, maana ya mbele ikishika peke yake kwenye mteremko mtu huruka juu ya usukani. Leo mumewe alichukua ufunguo wa L. Kesho alirudisha skrubu mbili, akazidondosha kwenye mkebe uliowekwa juu ya kigoda bila kukosea. Kesho kutwa alimtupia mkewe sili za zamani, nazo zilikuwa zimevimba kama maharagwe yaliyolowekwa. Fundi alimpa mpya, akampa bomba la sindano lenye mafuta aliyoyapima kwenye glasi mara tatu, akampa kitambaa. Maelekezo alimwandikia kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni, herufi kubwa, kwa kuwa sekunde nne za uso alitaka kuzitumia kwa mambo mengine.

Kuchagua pedi za breki, zile zinazoibana diski, kulimchukua wiki nzima. Wateja wake wa mchezo wa kuruka, wale wanaopandisha baiskeli juu ya mapipa na mawe kwa tairi moja, wanataka breki ing'ate papo hapo na isiachie. Wengine humwomba awakwaruzie rimu kwa grinda mpaka iwe kama kisugulio. Watu wa mlimani wanataka breki inayovumilia joto. Pedi za chuma huvumilia lakini huchelewa kuamka. Pedi laini hung'ata mapema lakini huisha haraka, na kwenye mteremko mrefu huungua. Mteremko wa mumewe ulikuwa mrefu kuliko wowote uliowahi kuandikwa kwenye pakiti. Akachagua za chuma.

Sili zilizovimba alizitia kwenye bahasha, akazipeleka kamati. Mwenyekiti alikuwa anakunywa chai. Alizigeuza kwa kalamu, akakubali kwamba ni sili, na kwamba zimevimba. Akasema mstari wa matokeo unaweza kufutwa, mbona jambo dogo, ila ombi sharti lisainiwe na mwendeshaji mwenyewe mbele ya karani. Ofisi hufungwa saa tisa na nusu.

"Anapita saa kumi na dakika kumi," fundi alisema.

"Basi awahi kidogo, mama," mwenyekiti alijibu kwa upole, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kwenye kibao cha wadhamini wa mashindano yajayo, jina la duka la Bei Sawa lilikuwa la kwanza.

Aliporudi aliwaambia jirani zake, nao wakatikisa vichwa. Fundi cherehani alisema ndivyo walivyo. Mama mkwe alisema yeye hataki ubao ufutwe, anataka mtoto ale.

Pedi mpya hazisimamishi baiskeli siku ya kwanza. Huzoeshwa: unakimbia, unaminya taratibu, unapunguza mwendo, unaachia kabla hujasimama, tena, na tena, mpaka pedi na diski zijuane. Ukisimama kabla ya wakati, pedi huacha alama kwenye diski na breki hutetemeka maisha yake yote. Fundi aliliandika hilo ubaoni, akalipigia mstari: USISIMAME KWANZA. Hakuna neno lililowahi kumuuma mkononi kama hilo.

Siku ya kwanza ya kuzoesha mumewe alipita kwa sekunde nane. Baada ya wiki, kumi na moja. Fundi alihesabu kwa kidole gumba, na kila sekunde iliyoongezeka aliipangia kazi. Ile ya tisa ilimwonyesha kwamba ndevu zake zilikuwa na mvi mbili. Ile ya kumi na tatu ilimpa harufu yake, jasho na vumbi la msitu wa juu, akaibeba mpaka ndani na hakupika siku hiyo. Kwenye sekunde ya kumi na tisa waligusana vidole. Vyake vilikuwa baridi kwa sababu ya upepo. Usiku fundi alilala mkono ukiwa nje ya shuka.

Siku aliyokadiria kuwa pedi zimekomaa ilikuwa Ijumaa. Alifuta maneno ubaoni, akaandika moja tu: SIMAMA. Mama mkwe alikuja na hotpoti na sahani mbili. Fundi cherehani hakuivuta meza.

Mumewe alitokea kwenye tangi, akaminya. Breki hazikulia. Baiskeli ilipunguza mwendo kwenye dirisha la duka la dawa, ikasogea kama mtu anayetafuta namba ya nyumba, ikasimama mbele ya kigoda. Akashusha mguu mmoja chini. 

"Umezipima kwenye glasi?" aliuliza.

"Mara tatu," mkewe alisema.

Mama mkwe alimpa kijiko. Alikula vijiko vinne huku ameketi kwenye baiskeli, mkono wa kushoto ukiwa begani kwa mkewe. Mkono huo ulikuwa mzito kuliko alivyoukumbuka. Fundi alifumba macho akautegea bega vizuri, akafikiri kuhusu chumba, shuka alizokuwa amezifua asubuhi, na upande wa ukutani ambao hakuwa ameulalia hata siku moja.

Ndipo filimbi ikalia juu. Mwalimu wa hesabu wa shule ya wasichana, mwanamke wa makamo anayekwenda kazini kwa baiskeli ya mlimani, alikuwa anashuka kwa kasi. Breki zake alikuwa ameminya zote mbili. Wiki hiyo alikuwa amezibadilishia mafuta mwenyewe nyumbani ili asimsumbue fundi katika shughuli zake, na mafuta alinunua kwa Bei Sawa. Alipita, akasema, "Samahanini," akapotea kwenye kona.

Walisikiliza. Darajani hapakusikika kitu.

Mume wa fundi aliweka kijiko kwenye sahani. Wote wanne, pamoja na fundi cherehani ng'ambo ya barabara, walijua kwamba mwalimu hajui kufungua pistoni, na kwamba asiye na breki hufikiwa na yule tu anayekwenda naye.

"Unasemaje, fundi wangu?" mumewe aliuliza. Hakuondoa mkono begani. Angekaa kama angeambiwa akae, na fundi alilijua hilo.

Fundi akaingia ndani, akakaa huko kwa muda ambao ungetosha kupita mara kumi, akatoka na ufunguo wa L namba nne, pakiti mbili za sili na bomba la mafuta. Akavitia mfukoni mwa ile fulana namba kumi na saba, akafunga zipu, akaishikilia zipu.

"Anza na ya nyuma," alisema.

"Najua."

"Najua unajua."

Mumewe akaachia breki.

Jumatatu ubao wa kamati uliongezewa karatasi, ingawa mwalimu hakuwa kwenye mashindano yoyote: Hakumaliza. Kosa la mwendeshaji. Bei Sawa alituma rambirambi shuleni pamoja na punguzo la mafuta, lake la kwanza, na watu walinunua.

Saa kumi kasorobo fundi alinawa mikono, akatoa vigoda viwili. Fundi cherehani aliivuta meza hatua nne, kwa sababu sasa walipita wawili sambamba, mume akiwa ameinamia gurudumu la mwalimu na skrubu kati ya meno, hivyo hakuweza kusema neno. Breki zake zilikuwa nzima na angeweza kupunguza. Lakini mwalimu hakuweza, naye alimfuata.

Fundi alihesabu kwa kidole gumba. Zilikuwa saba.