Kushusha Kikomo

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kinagongagonga gizani, polepole, kama mgeni mwenye haya anayepiga hodi. Mama mmoja aliyaacha maji yaendelee kuchemka. Kulikuwa bado hakujapambazuka, na katika chumba kile sauti yoyote ilikuwa afadhali kuliko kimya.

Mumewe alichimba dhahabu mbali sana, akirudi nyumbani kwa nadra kama mvua ya kiangazi. Akiba yao ilikuwa na kazi moja tu: nauli na kodi ya chumba huko kwake, ili wao na binti yao wakae pamoja. Ilikaribia kutosha. Naye mama, fundi cherehani aliyekuwa akisoma masomo ya jioni ya uwekezaji, aliona njia ya kuijazia. Bei ya dhahabu ilikuwa inapanda. Angenunua hisa za mgodi, angoje siku chache, auze, atoke. Kati ya migodi yote akachagua ule ule wa mumewe.

Mwalimu alikuwa amewaonya wasinunue kabla ya kuweka kikomo, yaani bei ambayo hisa zikishuka hadi kuifikia zinajiuza zenyewe, umeumia lakini umepona. "Hisa si mume," alisema, "usifunge nayo ndoa." Darasa likacheka, naye akacheka kuliko wote.

Kikomo alikiweka. Kisha maji yakajaa mgodini, kazi ikasimama, na hisa zikaanza kuporomoka ingawa dhahabu yenyewe ilizidi kupanda. Bei ilipokaribia kikomo, akakishusha. Ilipokaribia tena, akakishusha tena, kama anavyoshusha pindo la gauni la mtoto anayerefuka. Hesabu alizijua. Ila kila alipotaka kuuza, aliona kama anamwacha mwenzake shimoni peke yake. Namba ile ya bei kwenye simu ikipanda, alijiambia baba watoto kaamka vizuri. Ikishuka, alijiambia kaamka vibaya.

Alfajiri ile mume alipiga simu. Alisema pampu hazijafika, wanashinda wamekaa wakicheza karata, na mshahara huenda ukawa nusu. Akamuuliza Profesa wake anaendeleaje na shule. Ndivyo alivyomtania tangu aanze masomo. Hapo mama akashindwa kuficha. Akamweleza akiba iko wapi.

Upande wa pili kilisikika kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Profesa, mimi tayari nimo shimoni. Na pesa nayo umeileta huku?"

"Nilitaka iwe karibu na wewe."

"Mke wangu, hata mimi sitaki kuwa karibu na hapa."

Mama akamuuliza auze au asiuze. Mume akasema ukweli, kwamba hajui. Huko chini bei haionekani, tope ndilo linaloonekana. Kisha mtandao ukakatika.

Soko lilipofunguliwa, mama alikuwa ameketi mbele ya cherehani, sare za shule zimemzunguka, hajashona hata mshono. Bei ikateleza kuelekea kikomo. Kidole chake kikaenda pale pale pa siku zote, tayari kushusha. Akakitazama kidole kama cha mtu mwingine. Hapakuwa na wa kumuuliza tena, wala wa kulaumiwa. Namba ile haikuwa inapumua. Haikuwa imeamka vizuri wala vibaya. Mtu wake alikuwa kwingine, anacheza karata.

Akauza zote.

Simu ilitetemeka mara moja, basi. Kilichobaki kilikuwa bado akiba, ila si ya safari ya mwaka huu. Pengine mwakani, Mungu akijalia na watoto wa watu wakiendelea kuchana sare zao. Alivuta kitambaa, akakiweka chini ya sindano, lakini hakukanyaga cherehani.

Binti yake, aliyekuwa sakafuni akipanga vipande vya nguo kwa rangi, alikuwa amesikia maongezi yote ya alfajiri. Aliinua uso.

"Basi hatuendi kwa baba."