Matone Matatu kwenye Nguo za Eda

Kazi yangu iko Masoro, eneo la viwanda, kwenye ghala linalofungasha mafuta ya mimea: mchaichai, machungwa, mkaratusi. Masanduku yanakwenda Ulaya, na ndani ya kila moja natia kikaratasi kinachosema kwamba wakati wa baridi, jua likipotea na moyo ukiwa mzito, utie matone matatu kwenye maji ya moto au kwenye shuka, kisha uvute pumzi. Kwa miaka minne nilikuwa nakicheka kikaratasi hicho. Mtu akose raha kwa sababu ya mawingu?

Kisha baba akafa Januari, na mvua za Aprili zikamkuta mama ndani ya eda.

Mvua ilinyesha vibaya mwaka huo. Mtaa wetu wa Nyamirambo ulifunikwa na ukungu mpaka saa nne asubuhi, na nguo zilikaa kambani siku tatu bila kukauka. Mama, fundi cherehani aliyezoea kubishana na wateja kutwa nzima, alikaa kwenye mkeka na nguo zake nyeupe akitazama ukuta. Chai ilipoa mbele yake. Alikonda mpaka vidole vyake vikanitisha. Nilikuwa nimeshamzika mzazi mmoja, na niliona wazi kwamba wa pili naye ananiponyoka.

Mimi sina subira. Kitu kikiharibika nakitengeneza, na kisipotengenezeka nakigombeza. Nikamletea chupa ya mchaichai.

"Hiyo iko nini?" mama aliuliza.

"Iko dawa, mama. Ya kuchangamsha moyo."

"Inanukia?"

"Ndiyo, lakini haiko manukato. Iko dawa."

"Kama inanukia, iko manukato. Na mimi niko mu eda. Ondoa."

Miezi minne na siku kumi mjane hajipaki harufu. Nililijua hilo tangu utotoni, na bado nilikasirika. Kesho yake nikamlalamikia Béatha, mwenzangu wa ghalani, Msabato asiyejua eda ni nini.

"Si umtilie tu mu maji ya kufulia?" alisema. "Hata hatajua."

Shetani hakuhitaji kunishawishi mara mbili. Jumapili nilifua nguo za mama, na kwenye beseni la suuza nikatia matone matatu. Nikazikausha juu ya jiko la mkaa ili zisikae muda mrefu nje. Mama alizivaa kama kawaida.

Wiki ile niliomba zamu ya asubuhi ili niwahi nyumbani nione kama mafuta yanafanya kazi. Nilikaa naye mkekani namwangalia kama mpishi anayengoja wali uive. Jumatatu alikunywa chai yote. Jumanne tulikula sahani moja, akanisimulia jinsi baba, alipojaribu kumsaidia kazi, alivyomshonea suruali mteja mmoja, miguu yote miwili ikawa ya kushoto. Alicheka, akajifunika mdomo. Jumatano aliswali rakaa mbili za ziada.

"Mungu amenipunguzia, mwanangu," aliniambia. "Namshukuru."

Nilijitia hamnazo, ila moyoni nilikuwa najipongeza.

Jioni hiyo jirani yetu, bibi mzee Nyirarukundo, alikuja kumjulia hali. Aliinama kumkumbatia, akabaki ameinama.

"Mama Raihana, nguo inanukia mchaichai!"

"Itakuwa sabuni," mama alisema.

Jirani alipoondoka, mama hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliniuliza tu: "Tangu lini?"

"Jumapili."

"Siku tatu nimemvalia baba yako manukato. Kukaa hivi ndicho kitu cha mwisho ninachoweza kumfanyia, Raihana. Hakuna kingine kilichobaki. Na wewe umetia mkono wako humo ndani."

"Lakini ilikusaidia!" Nilikuwa napiga kelele mimi sasa. "Ulikula! Ulicheka!"

"Pua yangu imeziba tangu Jumamosi, kwa hii baridi. Sijasikia harufu yoyote. Kama si huyu mzee, nisingejua." Alivuta mtandio akajifuta pua. "Nilikula kwa sababu ulikaa na mimi. Tangu mazishi hukuwa umekaa."

Niliona haya, haya ya kweli inayochoma masikio. Alisema kweli. Siku ya nne baada ya kumzika baba nilikuwa nimerudi ghalani, na kila jioni nilichelewa kwa makusudi ili nimkute amelala.

"Nitaongeza siku tatu," mama alisema.

"Mama, hukujua. Hata shehe atakuambia haina neno."

"Shehe hakuolewa na baba yako."

Tulizifua upya zile nguo, yeye upande mmoja wa beseni na mimi upande mwingine, maji manne. Tangu siku hiyo nilirudi nyumbani mapema, bila chupa.

Eda ilipotimia, katikati ya Mei, wanawake wa mtaa walikuja na pilau na maandazi kumtoa. Mama aliwapokea mlangoni akiwa bado na nguo nyeupe.

"Bado siku tatu," aliwaambia.

Walitazamana. Nyirarukundo akahesabu kwa vidole, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Zimetimia leo, mama. Umepotea hesabu."

Mama yangu hajawahi kukosea kipimo cha nguo hata kwa upana wa kidole, na wote pale walimjua hivyo.

"Labda," alisema. "Nimezeeka, na majonzi nayo. Mnivumilie siku tatu."

Walicheka kwa huruma. Mmoja alinong'ona kwamba masikini, kichwa kimeanza kuyumba. Nilikuwa nyuma yake, nikafungua mdomo niseme ni mimi. Bila kugeuka, mama alipeleka mkono nyuma, akanishika kiganja, akakibana mpaka nikafunga mdomo.

Nililia pale pale mlangoni, kwa mara ya kwanza tangu Januari, na wanawake wakaniambia ihangane, ihangane, vumilia, mama yako atarudiwa na akili zake.