Dengu ya Pili, Juu ya Duka la Dawa

...na kwa nini aulizwe yeye, kwani yeye ni kibao cha njia panda, watu wasome kisha waende zao, nyumba imejaa simu zinazojua mpaka mvua ya keshokutwa lakini swali lazima lipite vyumba vyote lije kumtafuta bibi kizee aliyeshika mkasi, "Bibi, eti chakula cha Kihindi kizuri hapa mtaani kwetu kiko wapi?", anauliza mjukuu, amejitupa kwenye kochi miguu juu, kidole kinapanda na kushuka kwenye kioo cha simu kama mtu anayemkuna paka, anauliza kwa sababu jioni hii wakwe zake watarajiwa wanakuja na mama mkwe hagusi nyama, kwa hiyo wamekaa wenyewe wakakata shauri bila kumuuliza mwenye jiko, hakupikwi, wanatoka, wanakwenda kula Kihindi, tusimchoshe bibi, wamesema, bibi hajachoka, bibi amechoshwa, ni mambo mawili hayo, na hata wakimuuliza mara kumi atajibu nini, ukoo mzima unajua wazee wa nyumba hii hawali Kihindi kwa sababu ya tumbo la babu, tumbo la babu na bizari haviivi chungu kimoja, miaka thelathini na moja sasa, kila harusi, kila mwaliko, "tumbo langu, jamani, mnisamehe," na mkono anauweka juu ya kitambi kama mtu anayeapa mahakamani... tulia, inamisha kichwa, anamwambia mzee wake, anamsukuma kisogo kwa vidole viwili, upande wa kulia umekwisha, wa kushoto bado mvi zimesimama kama mswaki uliozeeka, mzee mzima ameketi kwenye stuli ya jikoni karibu na dirisha, pazia bovu limefungwa shingoni, na vidole vyake vile vya ufundi saa, vimestaafu lakini havijatulia, vinacheza chini ya pazia kama vinatafuta skrubu iliyoanguka, bibi ndiye kinyozi wake tangu kinyozi wa kweli alipomkata ncha ya sikio, kila Jumapili ya pili, na hajawahi kumkata, angalau si kwa mkasi, "hapa wameandika sehemu tatu," mjukuu anasoma, "kuna ya karibu na kituo cha mafuta, kuna ya kwenye mzunguko, na kuna moja iko ghorofani, ya kituo cha mafuta watu wanalalamika wanachelewesha..." na hapo ndipo mzee, kutoka ndani ya pazia, hajaulizwa na mtu, anafungua kinywa.

"Nendeni ile ya juu ya duka la dawa. Agizeni dengu, ile ya pili kwenye karatasi, siyo ya kwanza, ya kwanza maji matupu. Na mkate waambieni walete mmoja mmoja, ukiletwa wote pamoja unapoa." Mkasi umesimama hewani, umeachama. "Heee, babu!" mjukuu ameketi wima, "na tumbo je?" "Nimesikia watu wakisema," anasema mzee. "Watu gani hao wanaijua mpaka dengu ya pili?" "Watu tu. Mtaani watu wanaongea," na mjukuu anacheka cheko la vijana, la kutupa kichwa nyuma, kwake ni mzaha, kwake babu kaiba sukari, lakini bibi hacheki, yeye amelikunja sikio la mzee ili apitishe mkasi nyuma yake, na sikio lina moto, sikio lile lina moto kama kifuniko cha sufuria, mdomo unaweza kudanganya, sikio halijafundishwa... mmoja mmoja, amesema mmoja mmoja, mtu hajui mkate uletwe mmoja mmoja mpaka awe ameletewa, na anayeuleta mmoja mmoja lazima awe anasimama karibu, anatazama sahani, anaondoka, anarudi, mara ngapi, mara nne, mara tano, nani huyo asiyechoka kumrudia mume wa mtu, na hapa nyumbani mikate huwekwa yote katikati ya meza chini ya kitambaa, ajihudumie mwenye mikono, hajawahi kulalamika, miaka yote hiyo hajawahi kusema mke wangu mkate umepoa, kumbe alikuwa anasemea kwingine, na ni lini, ni lini kama si Alhamisi, Alhamisi "nakwenda kumtazamia mwenzangu zile saa zilizomshinda," mwenzake huyo anafunga duka saa saba, saa saba kamili, kila mtu anajua, mzee anarudi saa kumi, anapita mlangoni akitafuna iliki, "mbona umechelewa?" "saa ya ukutani ile, inataka moyo," ndiyo inataka moyo, na moyo alikuwa nao, na usiku huo huo anakula nusu sahani, anasema joto, joto limezidi, hata mwezi wa baridi anasema joto, na mkewe mjinga anamtolea maji ya ndimu.

"Hiyo ya ghorofani wameipa nyota nne na nusu," anasema mjukuu, "wanasema mwenye mahali ni mama mmoja mkarimu sana," haya, mama, mkarimu, sana, lakini siyo huyo, huyo hamjui na asiyemjua hawezi kumchukia vizuri, yeye anaye wake wa kumchukia, anaye tangu miaka mitatu, anasikia cherehani yake sasa hivi hapo nyuma ya ukuta, trrr, inasimama, trrr, mshonaji, mjane, midomo imepakwa rangi asubuhi kama mtu anakwenda kupigwa picha na kumbe anakwenda kukaza vifungo, meza yake ya kushonea ilikuwa mkabala na meza ya mzee ya saa, uso kwa uso, kabla mzee hajastaafu, na wivu wa mtu mzima si moto wa makaratasi, ni moto wa pumba, hauwaki hauzimiki, unafuka tu chini kwa chini, kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mfuaji wa nguo hizo ni nani kama si yeye, shati jeupe la Alhamisi, doa hafifu chini ya mfuko, karibu halionekani, kama tone la chai, akalilowesha, akalipaka sabuni ya mche, akalisugua, na doa likageuka jekundu, mbele ya macho yake, jekundu la mdomo, pale pale penye kimo cha mdomo wa mwanamke mfupi akimwegemea mwanamume mrefu, na mshonaji ni mfupi, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa mpaka povu likakauka mikononi, na hakusema, angesema nini, angesema na shati, akalianika juani, jioni halina doa, ushahidi umepaa, akalipiga pasi akampa akalivaa, na tangu siku hiyo... tangu siku hiyo kila asubuhi sauti ya mshonaji inapanda ukutani, "Shikamoo, bibi," na yeye anakohoa, au anapiga kelele kwa kuku wa jirani, au anafungulia maji, miaka mitatu shikamoo zinaanguka upande huu wa ukuta haziokotwi, na hakuishia hapo, alihamisha vitambaa vyake vyote kwa fundi wa kule sokoni anayeshona mkono mmoja mrefu mmoja mfupi, anavaa hivyo hivyo, kwenye misiba anakunja mmoja, na siku ile kwenye foleni ya kusaga aliwaambia wanawake, kwa upole, kama anayeonea huruma, "yule sindano yake haishoni nguo peke yake," wakacheka, wawili kati yao walihamisha nguo zao wiki hiyo hiyo, aliwaona, akalala vizuri.

"Inua kidevu," anasema, mzee anainua, anamtazama kwenye kioo cha kabati, macho yanakutana na macho yanakimbia, ya mzee ndiyo yanayokimbia, sasa amuulize, aulize hapa hapa mbele ya mtoto, ulikuwa na nani, neno liko kwenye ncha ya ulimi, ni mshonaji au siyo mshonaji, kama ni yeye pazia hili analifungua sasa na nusu ya kichwa atamalizia huko huko anakoletewa mikate, mkasi unakata hewa, kacha, kacha, na mjukuu bado anasoma, "...chakula kitamu, ngazi ni kali kwa wazee... eti kuna mzee fulani huwa anakaa peke yake dirishani kila wiki anatazama barabara, ukimkuta hicho kiti usikitake, hahaha, bibi, umesikia?... na huyu mwingine naye, anasema usivae nguo nyeupe, manjano yao ni makali, doa lake ukilitia sabuni linageuka jekundu kama damu, usiogope, anika juani litaondoka lenyewe, ala, kumbe manjano yanafanya hivyo?"

Yanafanya hivyo. Kumbe yanafanya hivyo... amepika tangu akiwa na miaka tisa, manjano ameyatia kwenye kila sufuria aliyoishika, hajawahi kuyavaa, aproni yake nyeusi, anaifua na matambara, ataona wapi doa, kama damu, litaondoka lenyewe, liliondoka lenyewe, jioni halikuwapo, ilikuwa dengu, miaka mitatu alikuwa anaionea wivu dengu, dengu ya pili, si ya kwanza, na mzee peke yake dirishani anatazama barabara kama mtu aliyekosa basi, peke yake, basi hana mtu, basi kwa nini afiche, mtu anaficha mwanamke, mtu anaficha chupa, nani anaficha dengu... na jibu analo, alikuwa nalo muda wote, amelikalia, hapo hapo juu ya duka la dawa, miaka thelathini na moja nyuma, hata ngazi zilikuwa za mbao, walikuwa na mwaka mmoja mtaani, mzee alikuwa si mzee, amevaa tai, akampeleka mkewe kula nje kama watu, na mhudumu mwenye kalamu nyuma ya sikio akawapa kila mmoja karatasi ya vyakula, imeandikwa kwa lugha ya wenye vyeti, herufi zimelaliana kama walevi, na yeye shule yake ni madarasa matatu na la tatu alikuwa akilea mdogo wake mgongoni, lakini atakubali aonekane hajui kusoma, akaitazama karatasi juu mpaka chini, akakunja uso kama anayechagua, akaweka kidole mstari wa mwisho, "Mimi niletee hii, na isiwe na pilipili nyingi," mhudumu akainama, akasoma, akasimama wima, "Mama, hiyo ni 'Jumatatu tumefunga'," kwa sauti, sauti ya kuuza samaki, meza tatu zikacheka, mpaka leo anasikia kijiko cha mtu kilivyodondoka, na mumewe... mumewe hakucheka, mumewe aliinuka akashika tumbo, "samahani, tumbo langu limevurugika ghafla, mke wangu nisindikize," akamshika mkono wakashuka ngazi, yeye mbele, na kule chini, mlangoni kwa duka la dawa, yeye ndiye aliyesema, hatukanyagi tena pale, mimi wala wewe, chakula chenyewe kinanuka, na mumewe akasema sawa, upesi, mwanamume akisema sawa upesi hivyo ujue amekwisha kupiga hesabu ya miaka, na tangu hapo ni tumbo, tumbo la babu, kila harusi kila mwaliko tumbo la babu, limekuwa kubwa kuliko babu mwenyewe, na yeye akaja kuliamini, ndilo la ajabu, alikuwa akimpikia uji laini akimhurumia kwa ugonjwa aliomwambukiza yeye... haya, lakini na yeye mzee, asifanywe mtakatifu hapa, aliahidi akavunja, alikuwa anapanda ngazi anakula mkate wa moto mmoja mmoja, na mkewe nyumbani anakula uliopoa, wivu haujatoka, la, umehama kiti tu, sasa umeketi dirishani unamtazama akimega, si angesema, angesema twende nitakusomea... angemsomea, na yeye angemrushia karatasi, aseme ukweli, angemrushia karatasi na kiti.

"Mbona umesimama?" anauliza mzee, kwa sauti ndogo, "umemaliza?" "Nimemaliza wapi, una kichwa cha watu wawili," anamjibu, anarudisha mkasi nyuma ya sikio, sikio limepoa kidogo, "Bibi," mjukuu anapiga namba, "naweka meza ya watu sita au saba?" na kabla hajajibu trrr imenyamaza nyuma ya ukuta, kiti kinasogezwa, na hii hapa, kama kila siku, haijakosa hata siku moja, hata siku ya mvua, nani aliyemlea yule, "Shikamoo, bibi!", na koo linajiandaa lenyewe kukohoa, limezoea, na yeye analizuia, linauma kulizuia, mzee chini ya pazia hajui, mtoto hajui, hakuna anayemdai kitu chochote hapa isipokuwa yule aliye nyuma ya ukuta, na yule naye hajui anadai nini, angeweza kukohoa na dunia ingeendelea.

"Marahaba," anasema. Limetoka jembamba, kama la mtu mwingine. Nyuma ya ukuta kiti kinasogezwa tena, halafu, "Bibi? Kuna nini huko, kuna msiba?" Mjukuu ameshika mdomo asipasuke kwa kicheko. "Msiba wa nini, nimekuitikia." "Umemwitikia nani?" "Wewe! Kwani huko kuna nani mwingine?" "Mimi sikusikia vizuri, bibi, cherehani hii imenitia uziwi," na anajua kabisa mwanamke yule hajawa kiziwi, anataka tena, ana haki, angekuwa yeye angetaka mara mia, dirisha liko wazi, wale wawili waliohamisha nguo mmoja anaishi pale ng'ambo na mlango wake uko wazi vile vile, basi ikambidi avute pumzi, mkasi mkononi, nusu ya kichwa mbele yake, alirudie lote kwa sauti ya kusikika mpaka mlango wa ng'ambo, marahaba, marahaba, mwanangu, hujambo.